Jicho la mtoto limevimba: Ni chekea au ni hatari?



Ndugu msomaji, shukrani zote zinamstahikia Allah (S.W.), aliyetujaalia macho na masikio, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Leo katika safu yetu ya afya na usafi tutaangalia maradhi ambayo huanza kama jambo dogo la kawaida, kisha yakaishia kwenye upofu au hata kifo kwa muda wa siku chache. Nayo ni maambukizi yanayoshambulia kope na sehemu zinazolizunguka jicho.

Nitaanza na kisa ambacho si rahisi kwangu kukisimulia. Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijahamia huku Maramba, nilikuwa natibu katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Siku ya Alhamisi mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka saba. Mtoto alikuwa na mafua yapata wiki nzima, na asubuhi ile aliamka kope la kushoto limevimba na kuwa jekundu. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimtazama kwa haraka, nikamwandikia tyubu ya dawa ya macho, nikamwambia mama, "Hii ni chekea tu, itapona." Sikumfungua kope. Sikumwambia afuatishe kidole changu kwa macho. Na kubwa kuliko yote, sikumweleza mama ni dalili gani akiziona arudi mbio.

Ijumaa uvimbe ulizidi. Jirani akasema ni husuda, mwingine akasema ni jini. Jumamosi mtoto alipata homa kali. Jumapili alasiri aliyemleta alikuwa mwalimu wake wa madrasa, amembeba mgongoni, na jicho limesukumwa nje, halisogei. Tulimpa sindano ya kwanza na kumkimbiza hospitali kubwa, akafanyiwa upasuaji wa kutoa usaha. Alhamdulillah uhai wake ulisalimika, lakini jicho la kushoto halikuona tena.

Mama yule hakunilaumu. Mimi ndiye ninayejilaumu, na ndiyo sababu ya somo hili. Mzazi akijua mambo machache yaliyomo humu, ataweza kumuuliza tabibu mwenye haraka kama nilivyokuwa mimi siku ile.

UKUTA MWEMBAMBA NDANI YA KOPE

Jicho limekaa ndani ya tundu la mifupa. Mbele ya tundu hilo kuna utando mwembamba lakini imara, ulioanzia kwenye ukingo wa mfupa na kuingia ndani ya kope. Utando huu ni kama mlango. Maambukizi yakiwa mbele ya mlango, ugonjwa uko kwenye kope tu. Yakiwa nyuma ya mlango, ugonjwa umeingia chumbani mwenye jicho lenyewe, misuli inayolizungusha, na mshipa wa fahamu unaopeleka taarifa za kuona kwenye ubongo.

Kwa nje hali zote mbili hufanana: kope limevimba, limekuwa jekundu na lina joto. Lakini ya kwanza mara nyingi hutibika kwa dawa za kunywa nyumbani, na ya pili ni dharura ya kulazwa siku hiyo hiyo.

Kwa nini ni dharura? Kwanza, chumba chenyewe ni kidogo na kuta zake ni mifupa. Usaha na uvimbe vikijaa humo havina pa kwenda, kwa hiyo vinalisukuma jicho mbele na kuubana mshipa wa fahamu. Mshipa huo ukibanwa kwa saa nyingi hufa, na ukifa haurudi. Pili, mishipa ya damu ya eneo hilo inawasiliana na ile iliyo chini ya ubongo. Vijidudu vikipita huko huweza kugandisha damu, kuleta homa ya uti wa mgongo au jipu ndani ya ubongo.

Mwaka 1970 daktari Chandler wa Marekani na wenzake waliupanga ugonjwa huu katika hatua tano, na madaktari wanautumia mpango huo hadi leo. Ya kwanza ni uvimbe wa kope. Ya pili ni maambukizi ndani ya tundu la jicho. Ya tatu ni usaha kukusanyika kati ya mfupa na ngozi yake. Ya nne ni jipu ndani ya tundu. Na ya tano ni damu kuganda katika mshipa mkubwa ulio nyuma ya jicho. Si kila mgonjwa hupita hatua zote kwa mpangilio huo, lakini inatosha kujua kwamba kati ya kope na ubongo njia si ndefu.

UGONJWA UNATOKA WAPI?

Maambukizi ya kope kwa kawaida huingia kupitia ngozi: kuumwa na mdudu, mkwaruzo wa kucha, kuchomwa na mwiba wa mkonge shambani, upele wenye usaha usoni, au chekea, yaani kile kipele kinachoota kwenye ukingo wa kope, baada ya kuminywa. Njia nyingine ni mfuko wa machozi ulio pembeni mwa pua, ambao ukiziba huvimba na kutoa usaha.

Maambukizi ya ndani ya tundu la jicho mara nyingi hutoka puani. Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vya hewa vilivyoungana na pua. Mafua yakikaa muda mrefu, kamasi huziba humo na kugeuka usaha. Ukuta unaotenganisha vyumba hivyo na jicho, upande wa pua, ni mwembamba kiasi kwamba wataalamu wa maumbile ya mwili waliupa jina la karatasi. Usaha huupenya kwa urahisi, hasa kwa watoto. Ndiyo maana mtoto mwenye mafua ya siku nyingi, kisha jicho likavimba ghafla, aogopewe zaidi kuliko yule aliyeumwa na mbu kwenye kope. Jino bovu la taya la juu nalo huweza kuwa chanzo.

MASWALI SITA YA KUJIULIZA NYUMBANI

Ndugu mzazi, nawa mikono kwa sabuni, mkalishe mtoto penye mwanga, kisha jiulize:

(i) Kope likifunguliwa, jicho likoje? Lifungue taratibu kwa vidole safi bila kuligandamiza jicho. Weupe ukiwa mweupe, ni ishara nzuri. Ukiwa mwekundu sana au umevimba kama malengelenge, ni hatari. Na kope lisipofunguka kabisa, usiseme "sijui". Lihesabu kuwa ni hatari.

(ii) Jicho linasogea? Mwambie asigeuze kichwa, afuatishe kidole chako juu, chini, kulia na kushoto. Macho yote mawili yaende pamoja bila maumivu. Likibaki nyuma au likiuma linapogeuka, ni hatari.

(iii) Linaona? Ziba jicho zima, muulize una vidole vingapi. Kisha muoneshe kitu chekundu kwa jicho moja moja. Akisema kwa jicho linaloumwa rangi imefifia, au anaona vitu viwili viwili kwa macho yote, ni hatari.

(iv) Limechomoza? Simama nyuma yake, ainue uso kidogo, utazame macho kutoka juu ya paji la uso. Jicho moja likiwa limetokeza kuliko lingine, ni hatari.

(v) Mwili wake ukoje? Homa kali, kichwa kuuma sana, kutapika, shingo kukakamaa, usingizi usio wa kawaida au degedege ni dalili za hatari kubwa.

(vi) Ni nani mgonjwa? Mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mwenye kisukari, mwenye upungufu wa kinga, au aliyeumia karibu na jicho asisubirishwe nyumbani hata kama dalili ni ndogo.

Jibu moja tu la hatari linatosha. Usingoje kesho, usingoje baba arudi safari. Na kama majibu yote ni mazuri, bado mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo akachunguzwe, kisha rudia maswali haya asubuhi na jioni, kwa sababu kilicho salama leo chaweza kubadilika usiku.

MATIBABU

Maambukizi yakiwa kwenye kope tu, na mtoto si mchanga wala hana homa kali, tabibu humpa antibiotiki ya kunywa, kwa kawaida siku saba hadi kumi. Jambo la lazima ni kumrudisha kituoni ndani ya saa 24 hadi 48 aangaliwe tena, hata kama unaona nafuu. Dozi imalizwe. Kubakiza nusu ili akija kuugua mdogo wake apewe ni kuwafundisha vijidudu kuizoea dawa.

Ifahamike kwamba tyubu ya kupaka na matone ya macho hayafiki nyuma ya ule utando. Kumpa mtoto mwenye jicho lililochomoza tyubu peke yake ni kumpotezea muda. Pia usinunue dukani matone bila kuandikiwa, kwani baadhi yana dawa ya kutuliza uvimbe ambayo hupunguza wekundu huku ugonjwa ukiendelea kula ndani.

Maambukizi yakiwa ndani ya tundu, mgonjwa hulazwa. Huchomwa antibiotiki kali kwenye mshipa, mara nyingi zaidi ya aina moja kwa pamoja, kwa kuwa vijidudu huwa mchanganyiko. Uoni na mwendo wa jicho hupimwa kila baada ya saa chache, hupigwa picha ya CT-skani inapopatikana, na daktari wa macho hushirikiana na wa pua na masikio. Usaha ukionekana, uoni ukipungua, au kukiwa hakuna nafuu baada ya siku moja au mbili za sindano, hufanyiwa upasuaji wa kuutoa. Dawa huendelea hadi wiki mbili au tatu kwa jumla, kwa hiyo msiombe ruhusa mapema eti kwa sababu uvimbe umepungua.

Sisi wa Maramba na vijiji vya jirani rufaa hii hutupeleka mjini Tanga, hospitali ya mkoa ya Bombo. Mgeni asichanganye na Bombo Mtoni, ambako ni upande mwingine wa barabara yetu ya Mabokweni. Kabla ya kuondoka kituoni, uliza kama mgonjwa amekwisha pata sindano ya kwanza. Barabara ni ndefu, na masika zaidi, na dawa iliyoanza kufanya kazi njiani ni bora kuliko inayosubiri mwisho wa safari. Rufaa isichukuliwe kwamba tabibu wa kijijini hajui. Kujua mpaka wa uwezo wake ni sehemu ya amana aliyobebeshwa.

SI KILA JICHO LILILOCHOMOZA NI USAHA

Ikiwa jicho linachomoza polepole kwa wiki kadhaa, bila homa wala maumivu makali, daktari lazima afikirie uvimbe mwingine. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya saratani ya watoto inayovimbisha taya, ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Hupatikana zaidi maeneo ya joto yenye malaria nyingi, na huweza kulisukuma jicho nje. Ipo pia saratani ya ndani ya jicho ambayo ishara yake ya mwanzo ni mboni kung'aa nyeupe kama ya paka. Zote mbili zina matibabu zikiwahiwa.

Kwa mwenye kisukari kuna adui mwingine: fangasi wanaoanzia puani na kupanda hadi jichoni na ubongoni. Dalili yake ni uso kuuma au kufa ganzi, na weusi ndani ya pua au kwenye kaakaa. Mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, India ilipata maelfu ya wagonjwa wa aina hiyo. Huyu naye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

TUSIYATIE MACHONI YASIYOFAA

Watu wa pwani tuna mengi tunayoyatia machoni: maziwa ya mama, maji ya majani, mkojo, asali. Mwaka 1987 madaktari Foster na Sommer walichapisha uchunguzi wa watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda kwenye kioo cha jicho. Asilimia 37 ya vidonda vilihusiana na surua ya karibuni, na upungufu wa vitamini A pamoja na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni vilikuwa miongoni mwa sababu muhimu.

Najua msomaji atauliza: "Na asali, si tumefundishwa kuwa ni shifaa?" Ndiyo, na hakuna Muislamu anayelipinga hilo. Lakini asali ya chupani iliyochovywa vijiko vya nyumba nzima si dawa ya kumimina katika jicho lenye ugonjwa. Kisomo na dua havina ugomvi na sindano. Mwalimu na amsomee mtoto, wazazi wamuombee, lakini wamsomee wakiwa njiani kwenda hospitali. Dini yetu imetuhimiza kutafuta tiba, na tawakkul haikuja kutuondolea wajibu wa kufanya sababu. Kombe likiandikwa, maji yake yasioshewe jicho wala kidonda.

Chekea isiminywe. Ikandwe kwa kitambaa safi kilichochovywa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, mara tatu au nne kwa siku. Nyingi hupasuka na kupona zenyewe.

MTOTO MCHANGA

Mtoto wa chini ya siku 28 mwenye macho yaliyovimba na kutoa usaha asiitwe mwenye "tongotongo za kawaida". Huenda ni kisonono au klamidia aliyoipata wakati wa kuzaliwa, na kisonono huweza kutoboa kioo cha jicho kwa siku chache. Hutibiwa kwa sindano na dawa, pamoja na mama na baba. Ndugu zangu, hapa pana haya, lakini haya isigeuke upofu wa mtoto asiye na kosa. Ugomvi usubiri, mtoto atibiwe kwanza. Mkunga akimpaka mchanga dawa ya macho mara tu baada ya kuzaliwa, asizuiwe. Hiyo ni kinga.

IBADA YA MGONJWA

Mara nyingi naulizwa kuhusu udhu. Katika fiqhi ya Imamu Shafii tunayoifuata wengi wetu pwani, mtu ambaye maji yatamdhuru kwenye kiungo huosha sehemu iliyo nzima na kutayamamu kwa ajili ya ile isiyooshwa. Mwenye uvimbe huu akiinama kusujudu uso humuuma zaidi. Asiyeweza kusujudu hufanya kwa ishara, kwa kadiri ya uwezo wake. Ama matone ya macho mchana wa Ramadhani, kwa madhehebu hiyo hayafunguzi. Na mgonjwa wa kulazwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Kwa hali yako mahususi muulize sheikh wako, lakini usiache dawa ukisubiri jibu.

KINGA

Kwanza, chanjo. Chanjo dhidi ya kijidudu cha Hib, ambacho zamani kilikuwa chanzo kikubwa cha maradhi haya kwa watoto wadogo, iliingizwa Tanzania mwaka 2009, na ile ya nimonia mwaka 2013. Ile ya surua nayo hulinda macho. Kamilisha kadi ya mtoto pamoja na matone ya vitamini A.

Pili, tuliyofundishwa madrasa tangu udogoni: kunawa mikono tuamkapo kabla ya kuichovya chomboni, kukata kucha, kuosha uso na kupandisha maji puani wakati wa udhu. Kila mtoto awe na taulo lake. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Kongwa, Dodoma, yaliyoonesha kuwa kuhimiza vijiji kuwaosha watoto nyuso, pamoja na dawa ya kupaka, kulipunguza trakoma kali. Maji kidogo yanatosha kwa kazi hiyo.

Tatu, wanja. Kijiti kimoja kisipite macho ya nyumba nzima. Mchanga asipakwe, wanja mwingine una madini ya risasi ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto.

Nne, mafua yanayozidi siku kumi, au yaliyopoa kisha yakarudi na homa na maumivu ya uso, yaonwe na tabibu.

Mwisho, nawaomba maimamu na walimu wa madrasa. Nyinyi mnawaona watoto kila siku, wakati mwingine kabla ya sisi matabibu. Mkimuona mwanafunzi jicho limevimba, mfanyieni yale maswali sita kabla hajafungua juzuu. Na msikiti ukiwa na mfuko mdogo wa nauli za wagonjwa, hakuna mama atakayekaa na mtoto wa namna hiyo toka Ijumaa hadi Jumapili kwa kukosa pesa ya gari. Yule mwalimu aliyembeba mtoto mgongoni hakuwa tabibu, lakini aliona jicho halisogei akajua halisubiri.

Allah (S.W.) awape shifaa wagonjwa wetu, na atuhifadhie neema ya macho. Amin.

Wabillahi tawfiq.